Maana ya kuteuliwa Privy Council ya Uingereza

Ukisikia mwanasiasa wa Uingereza "ameapishwa Privy Council", maana yake ameingia katika baraza ambalo kisheria ndilo linalomshauri Mfalme. Anayemteua ni Mfalme, lakini jina hutoka kwa Waziri Mkuu. Mawaziri wa ngazi ya juu huingizwa humo, na kiongozi wa upinzani pia, maaskofu wakuu wa Kanisa la Anglikana na majaji wa juu. Tangu hapo mtu huitwa Mheshimiwa Sana.

Kiapo chenyewe ni cha kale. Mteule hupiga goti juu ya kigoda, Biblia mkononi, anaapa kutunza siri za Baraza, kisha anaugusa mkono wa Mfalme kwa midomo. Asiyetaka kuapa kwa dini anaruhusiwa kutoa ahadi tu.

Cheo hiki ni cha maisha. Waziri akiondolewa kazini, uwaziri unaishia hapo, lakini ujumbe wa Baraza anabaki nao, ndiyo sababu wajumbe wamefika zaidi ya 700. Kutoka ni nadra: John Profumo, aliyekuwa waziri wa vita, alijiuzulu mwaka 1963 baada ya kulidanganya Bunge.

Wengi hao hawaitwi vikaoni. Kikao cha kawaida huwa na mawaziri watatu au wanne, wote wamesimama wima, desturi iliyodumu tangu enzi ya Malkia Victoria. Rais wa Baraza, yaani waziri anayelisimamia, husoma vichwa vya maagizo ya serikali, Mfalme anajibu "imekubaliwa", basi yamekuwa sheria. Ushauri wenyewe umeshatolewa na serikali kabla mlango haujafunguliwa. Hata hivyo kiapo kina kazi: kwa sababu yake, kiongozi wa upinzani anaweza kuelezwa siri za usalama wa taifa bila kuzitoa nje.

Kwetu Afrika Mashariki uteuzi huu uliwahi kugusa maisha ya watu. Majaji walioapishwa humo ndio waliounda Kamati ya Mahakama ya Baraza, kituo cha mwisho cha rufaa kutoka makoloni. Jomo Kenyatta, baada ya hukumu ya Kapenguria, aligonga mlango huo London, na mwaka 1954 akakataliwa. Nchi zetu zilijitoa baada ya uhuru. Mauritius, jamhuri tangu 1992, hadi leo inapeleka rufaa zake huko.