Nyanya ilisingiziwa, kiazi kikaachiwa: dhana potofu kuhusu sumu ya vyakula vya kila siku

Mnavu, ambao Wakenya wengi huuita managu, Ulaya huwekwa katika orodha ya mimea ya sumu. Kwetu unauzwa sokoni kwa fungu. Pande zote mbili zina sababu zake. Tunda lake likiwa bado la kijani lina solanini, sumu inayovuruga tumbo na mishipa ya fahamu. Majani yake machanga yakichemshwa na maji yakamwagwa ni mboga safi. Sumu ya mmea haikai sawa katika kila sehemu, wala haibaki ileile tangu uchanga hadi kuiva. Waliokosa kulijua hilo waliikataa nyanya kwa vizazi kadhaa, na leo hii kuna anayekaanga kiazi cha kijani bila wasiwasi wowote.

Dhana: Nyanya iliogopwa kwa sababu watu wa zamani walikuwa wajinga.

Walioieneza hofu hiyo walikuwa wasomi. Nyanya ilipofika Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16, wataalamu wa mimea waliangalia ua na jani, wakaona ni jamaa wa mandragora na beladona, mimea ya sumu ya huko Ulaya. Tunda la beladona, jeusi linalong'aa, linaua kweli. Mtaliano Pietro Andrea Mattioli aliiandika nyanya mwaka 1544 kama aina ya bilinganya, na akataja kuwa huliwa kwa mafuta, chumvi na pilipili manga. Mwingereza John Gerard, mwaka 1597, naye alijua kwamba Wahispania wanaila, ila mmea wenyewe aliuona unanuka vibaya. Waingereza wakashika maneno ya Gerard, Waitaliano wakaendelea na mchuzi wao. Jina la kitaalamu Lycopersicon, yaani "pichi la mbwa mwitu", halikuisaidia nyanya kupata wanunuzi.

Undugu wa mimea hiyo waliuona sawasawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ndugu wote wana tabia moja. Nyanya ina sumu yake, tomatini. Tunda dogo la kijani linaweza kuwa na miligramu 500 kwa kilo, lakini likiiva na kuwa jekundu hubaki kama miligramu 5 tu. Hata hiyo ya nyanya mbichi hainyonywi sana na utumbo, ndiyo maana achari ya nyanya za kijani haimlazi mtu. Majani ndiyo ya kuacha.

Bilinganya naye aliponzwa na jina. Neno la Kiarabu *badhinjan* lilipofika Italia likawa *melanzana*, na masikioni mwa wasomi wa Kilatini likasikika kama *mala insana*, matofaa ya wazimu. Mwaka 1767 Linnaeus, Msweden aliyeipa mimea majina ya kitaalamu, aliupa mmea wa jamii hiyo jina Solanum insanum, na jina hilo lipo hadi leo.

Dhana: Nyanya iliwaua matajiri kwa kuyeyusha risasi, yaani metali ile nzito yenye sumu, iliyokuwa kwenye sahani zao.

Hii inasambazwa sana, na haisimami. Siki na ndimu ni kali kuliko nyanya, na zilikuwa mezani Ulaya karne nyingi kabla nyanya haijafika. Sumu ya risasi nayo hujikusanya mwilini polepole. Haimwangushi mtu usiku uleule hata wenzake wakikinyooshea kidole chakula cha jioni. Isitoshe, waliokula kwa vyombo vya mbao nao waliiogopa nyanya.

Dhana: Kiazi kikiiva motoni, sumu yote imekwisha.

Hapa hofu ya zamani ilikosea ugonjwa. Wafaransa waliambiwa viazi mviringo vinaleta ukoma, kwa kuwa ganda lenye mabaka lilifanana na ngozi ya mgonjwa. Antoine Parmentier, mfamasia wa jeshi aliyelishwa viazi akiwa mateka wa Prussia, ufalme wa Wajerumani, katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763), alirudi akiwa mzima na akaanza kuvitetea. Mwaka 1772 Kitivo cha Tiba cha Paris kikatangaza kwamba vinafaa kuliwa. Ukoma ukasahaulika, na sumu yenyewe ikasahaulika pamoja nao.

Kiazi kikikaa kwenye mwanga hufanya mambo mawili kwa mpigo: hutengeneza klorofili, ambayo ni rangi ya kijani isiyo na madhara, na huongeza solanini na ndugu yake chakonini, ambazo hazina rangi. Kwa hiyo ukijani ni dalili tu, na kiazi kilichogongwa au kuchipua kinaweza kuwa na sumu nyingi bila kuwa kijani. Sumu hujazana kwenye ganda, kwenye macho na zaidi kwenye machipukizi.

Kuchemsha hakuiondoi. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike kwa kiasi cha maana, na ndani ya chipsi kuna maji, kwa hiyo pale katikati joto halipiti sana 100 hata mafuta yachemke vipi.

Hesabu yake ni hii. Kikomo kinachotumika sana ni miligramu 200 kwa kilo ya viazi. Dalili zinaweza kuanza kwenye miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wa mlaji. Hata tukichukua 2, mtu mzima wa kilo 60 angehitaji gramu 600 za viazi vilivyofika kikomo, lakini mtoto wa kilo 20 zinamtosha gramu 200, yaani sahani moja ya chipsi. Ripoti ya kitabibu ya mwaka 1979 inaeleza kwamba katika shule moja ya wavulana London, wanafunzi 78 waliugua baada ya kula viazi vya gunia lililobaki tangu muhula uliopita, na 17 wakalazwa. Wote walipona.

Basi gunia likae gizani, pakavu, pasipo joto. Kibanda cha chipsi kinachoanika viazi juani mchana kutwa kinavitengenezea sumu chenyewe. Doa dogo la kijani likatwe kwa kina pamoja na nyama iliyo chini yake, na kila jicho lichimbwe. Kilichoenea ukijani kitupwe. Ukionja kikawa kichungu au kikaacha muwasho kooni, tema.

Dhana: Muhogo mtamu hauna sumu, na ule mchungu ukichemshwa unakuwa salama.

Kila muhogo una linamarini, ambayo ikivunjwa hutoa sianidi, sumu kali. Unaoitwa mtamu ni ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi, na ukame huweza kupandisha kiwango hicho hata kwa mbegu ileile. Kwenye muhogo mtamu ganda lina sumu nyingi kuliko nyama, kwa hiyo anayetafuna muhogo mbichi kwa ndimu na pilipili amenye hadi lile ganda nene la ndani.

Linamarini haivunjwi na moto. Inavunjwa na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kilichomo ndani ya muhogo wenyewe, pale chembe zake zinapopondwa. Ukitumbukiza vipande vikubwa kwenye maji yanayochemka, umekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Muhogo mchungu humenywa, hukatwa na kulowekwa siku 3 hadi 5 mpaka ulainike, ndipo unapondwa na kuanikwa. Njaa inapobana, siku hizo ndizo hukatwa. Hapo huja konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na kwa kudumu, hasa kwa wasiopata protini ya kutosha. Dkt. Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo, na jina hilo kwa Kiyaka, lugha ya huko, maana yake ni miguu iliyofungwa. Wakati mwingine sumu haingoji: Kasese, Uganda, Septemba 2017, watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo na 2 wakafa.

Unga usioaminika unaweza kupunguziwa sumu nyumbani. Utie bakulini, weka alama ya ulipofika, kisha mimina maji huku ukikoroga. Utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, juani kwa muda wa saa 2 au kivulini kwa muda wa saa 5. Kimeng'enya kilichobaki kitavunja linamarini, na sianidi, inayochemka kwenye nyuzi 26 tu, itapaa. Songa ugali siku hiyohiyo, maana unga mbichi huo haukai.

Kisamvu nacho hufuata utaratibu huo. Majani hutwangwa yakiwa mabichi mpaka yawe laini kabisa, ndipo huingia kwenye maji, na sufuria huachwa wazi mwanzoni ili mvuke utoke. Anayechemsha jani zima kwanza kisha akatwanga ili liwe laini amegeuza kazi: jani litalainika, na linamarini itakuwa imebaki ndani.