Shokapu haibebi gari yako, jamani

Wiki hii tena imeingia meseji ile ile, safari hii ya jamaa wa Mark X: "Fundi, nataka gari ilale chini kidogo, nifunge shokapu gani za bei poa?" Na kabla yake mwenye Forester kaja na la kinyume, gari imeinama nyuma, anataka shokapu ngumu zimnyanyulie. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, naandika hapa, akija mwingine namrushia linki.

Shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi. Nyuma ya IST springi inakaa peke yake na shokapu peke yake, chomoa shokapu zote mbili gari itabaki pale pale, utakachopata ni kudunda kila tuta mpaka abiria wakuombe washuke. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, basi. Ndani pistoni inalazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo, ule mdundo unageuka joto. Ndo maana ukitoka barabara mbovu, tuseme umekuja na vumbi la Chanika mpaka gereji, ukigusa mwili wa shokapu nzima unausikia una moto (gusa taratibu), na kama upande mmoja una moto na mwingine umepoa, wa kushuku ni uliopoa. Hii naiamini kuliko ile ya kukandamiza boneti kwa mikono na kuhesabu gari inadunda mara ngapi. Ile inakamata shokapu iliyokufa kabisa tu, iliyochoka nusu inafaulu vizuri, maana mikono yako haiwezi kusukuma kwa kasi ya shimo.

Sasa najua kuna mjuaji ataleta habari za gesi. Sawa, shokapu ya gesi inasukuma rodi (kile chuma cha pistoni kinachoingia na kutoka) nje, inaweza kukupa milimita chache, lakini gesi imewekwa ili oili isitoke povu, sio ibebe gari. Halafu kuna kesi moja inayonitibua kwa sababu inawapa watu hoja: baadhi ya Forester za kizazi cha SG zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe, na hizo kweli zinasaidia kubeba, springi zake zikatengenezwa laini makusudi. Fundi akitoa zile akafunga za kawaida bila kubadili springi, matako yanashuka siku hiyo hiyo, mwenye gari analalamika kauziwa feki. Sio feki. Ukibadili shokapu hapo, badili na springi za nyuma. Na tafadhali usiniletee zile raba za kupachika katikati ya springi.

Kwa hiyo anayetaka kushusha, anashusha kwa springi. Tukifika hapa ndo grainda inatolewa. "Kata raundi moja na nusu bosi, inalala fresh." Ngoja. Springi ikiwa na raundi 6 zinazofanya kazi ukakata 1, inakuwa ngumu kwa asilimia 20, ukikata moja na nusu inakuwa theluthi nzima, kwa sababu waya uliobaki wa kujipinda ni mfupi. Hapo shokapu yako ya zamani iliyopimwa kwa springi laini inapewa kazi isiyo yake, na safari ya rodi imepungua, kila shimo gari inagonga ile raba ya kuzuia, bampstopu, unasikia "du" unasema shokapu mbovu. Wengine wanaichoma na mtungi wa gesi mpaka ikae chini, huyo hata sibishani naye, chuma kimeshapoteza ugumu wake na kitaendelea kushuka chenyewe, upande mmoja kabla ya mwingine.

Vitabu vinasema kukata ni mwiko, hakuna mjadala. Mimi sijashawishika kwamba ni mwiko kiasi hicho. Springi ambayo mwisho wake wa kiwandani umekatwa wazi, ukaipunguza nusu raundi kwa diski bila kuiunguza na bado ikakaa vizuri kwenye kikalio chake, sioni kifo hapo. Tatizo ni kwamba springi nyingi za gari ndogo zimefungwa mwisho, raundi ya mwisho imebanwa au imesinyaa ili ikae, ukiikata inakaa kwa ncha, na gari ikipigwa jeki springi inalegea, inacheza, siku moja inachomoka. Mtihani ni huo: nyanyua gari tairi zining'inie, ishike springi kwa mkono. Ikizunguka, ondoka nayo.

Bora ununue seti ya kushushia iliyotengenezwa hivyo, hata mtumba wa Japani, kampuni kama Tein, RS-R, Tanabe, zinapatikana kwa wauza spea Ilala na Kariakoo ukiwa na subira. Usinunue kwa rangi! Soma namba. Mark X ya GRX120 na ya GRX125 sio kitu kimoja, moja inavuta nyuma nyingine tairi zote nne. Pima na unene wa waya, maana tofauti ndogo hapo ni kubwa barabarani: waya wa milimita 12 na wa 13, vingine vyote vikilingana, wa 13 ni mgumu kwa karibu asilimia 38. Angalia kutu raundi ya chini kabisa, ndipo zinapokatikia. Na kushuka kuwe sentimita 2 mpaka 3, zaidi ya hapo kwa matuta ya mitaani kwetu unanunua tabu ya kukwangua bampa na sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Shokapu mtumba? Hapana. Springi ni chuma, unaiona. Shokapu imeficha ugonjwa ndani, na ile rangi nyeusi inayong'aa kwenye kitu cha mtumba mara nyingi imefunika oili iliyovuja. Hela yako kidogo iende kwenye shokapu mpya kwanza, jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili, pamoja na maunti (kile kishikio cha juu chenye raba), bampstopu na kava la vumbi, springi baadaye. Shokapu ya kawaida ya kampuni ya KYB inatosha watu wengi. Zile za bomba moja zinasifiwa sana kwa kupoa haraka na ni kweli, ila ukuta wake ndo silinda yenyewe, jiwe likiibonyeza pistoni inakwama, wakati ya mabomba mawili inapigwa na inaendelea. Kwa barabara zetu sioni kama ile bei ya ziada inarudi.

Halafu kufunga, ambako ndo shokapu nyingi zinauliwa. Fundi anataka rodi isizunguke akikaza nati ya juu, anaibana kwa plaizi kwenye kromu. Umemuona? Mwambie asimame. Ule mkwaruzo unapanda na kushuka kwenye sili kama msasa, baada ya muda oili inatoka na dukani wanaambiwa wameuza feki. Rodi nyingi zina kishikio chake juu, cha kushika kwa spana au elen, atumie hicho. Na bolti zenye bushi za raba zisikazwe moja kwa moja gari ikiwa hewani. Ashike kwa mkono, ateremshe gari, aitikise, ndo akaze mwisho, la sivyo bushi inakaa imejisokota muda wote, gari inabaki juu kidogo, mwenye gari anasema springi hazijashusha, na bushi inachanika mapema. Najua gereji nyingi hazina shimo wala jeki ya kuingilia chini ikiwa imekaa. Weka jeki chini ya amu (mkono unaoshika tairi), inyanyue mpaka ilale kama imebeba gari, kaza. Dakika tano.

Alaimenti, yaani kupanga tairi zikae sawa, ni lazima baada ya kushusha. Tairi zikilalia ndani kidogo sio shida kubwa, zinazoliwa haraka ni zile ambazo mbele yake imetazama nje au ndani kupita kiasi.

Kuhusu koilova (springi na shokapu za pamoja, urefu unarekebishwa kwa nyuzi) za mtumba zenye nyuzi zilizokufa kutu, swali hilo msiniulize wiki hii.