Kwa nini mizizi ya mwembe wa shule iko nje?

Kwenye uwanja wa shule kuna mwembe mkubwa, na mizizi yake imetokeza juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee. Watoto huikalia wakinywa uji. Nani aliitoa nje?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kwamba mti ukizeeka, mizizi hunenepa na kujisukuma juu. Si uongo mtupu, maana mizizi hunenepa kweli. Nililitoa kwa kujiamini mbele ya klabu ya mazingira ya shule moja ya milimani mkoani Kigoma, kisha nikauliza: mizizi ina kazi gani? Wakajibu kwa sauti moja, "Mizizi hushika udongo!" Binti wa darasa la tano akamnong'oneza mwenzake kwa Kiha, wakacheka. Mwalimu akanitafsiria: kama imeushika, mbona umekwenda?

Hapo nilikwama.

Katika vijiji hivi mtoto hukua na Kiha, ndugu wa karibu wa Kirundi. Kiswahili cha darasani huja pamoja na sare. Ile sentensi ya mizizi walikuwa wameipokea nzimanzima, kama wimbo wa mchakamchaka: inatamkwa, haichunguzwi. Swali lenyewe lilikuja kwa lugha ya nyumbani. UNESCO imekuwa ikihimiza mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama tangu 1953, ingawa tafiti nyingi za jambo hilo zinahusu kusoma na kuhesabu kuliko mazingira, kwa hiyo mnong'ono mmoja siwezi kuutwisha mzigo mkubwa mno.

Turudi kwenye mwembe. Nilikuwa nimeanza na mizizi, kumbe kisa kinaanza juu, kwenye jani.

Jani ni kama Hiace ya stendi: haiondoki mpaka ijae. Vitone vya manyunyu hutua juu yake, huungana, huteremka hadi nchani na kusubiri wenzao. Kinachoanguka mwishoni ni tone nene, aghalabu la milimita 5 hivi. Tone la nusu milimita likidondoka lenyewe hushuka kwa takribani mita 2 kwa sekunde. Lile nene, likipata mita nane au kumi za kuanguka, hukaribia mita 9 kwa sekunde, yaani kilomita 32 kwa saa, mwendo wa bodaboda kwenye njia ya kijiji. Na kwa kuwa kipenyo chake ni mara kumi, uzito wake ni mara elfu. Mti mrefu wenye ardhi tupu chini yake unaweza kuipiga ardhi hiyo kwa nguvu kuliko mvua ya mahali pa wazi. Mwavuli unaorusha mawe!

Tone hilo likitua, donge la udongo hupasuka kuwa vumbi la matope. Vumbi huziba vitundu vya ardhi jinsi unga mbichi unavyoziba chekecheo, maji yakakosa pa kuzama, yakatiririka na kuondoka na vumbi lile lile. Mizizi minene imeshika, ndiyo, lakini imeshika ardhi ya chini. Ngozi ya juu inachunwa mvua baada ya mvua. Miguu ya watoto nayo inachangia kwa kuushindilia udongo.

Kinachovunja nguvu ya tone ni majani makavu yaliyolala chini. Utafiti wa shamba la miti ya akasia kisiwani Java, uliochapishwa 1985, ulionyesha kuwa majani hayo yakiondolewa mmomonyoko hupanda sana, hata kama miti yenyewe imesimama.

Na sisi majani hayo tunayafanyaje? Tunayafagia. Kila asubuhi, kabla ya kengele, kwa zamu, na ambaye hakufagia huulizwa. Kisha saa nne tunafundisha utunzaji wa mazingira.

Klabu ikachukua chupa tatu za maji za lita moja na nusu, zikakatwa ubavuni na kulazwa: moja ya udongo mtupu, moja iliyotandazwa majani makavu, moja yenye nyasi hai. Wakanyunyizia maji na kubishana kwa Kiha. Mwalimu aliwaacha, Kiswahili kikasubiri hadi wakati wa kuandika. Maji ya chupa ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Ya majani makavu na ya nyasi yalikuwa karibu sawa, na hilo ndilo lililowashangaza, kwa sababu majani makavu hayana mzizi hata mmoja.

Chupa si mlima, lakini. Kwenye mteremko mkali na kingo za mito, mizizi huzuia ardhi isiporomoke, na hilo chupa haiwezi kulionyesha. Wala haionyeshi matope yanapoishia: Ziwa Tanganyika, ambako hufunika miamba ya kando ambayo samaki wengi wasiopatikana kwingine duniani huparua chakula chao.

Pale shuleni walizungushia mawe mwembe mmoja, ndani yake ufagio usiingie. Miwili mingine bado inafagiwa kwa agizo la mwalimu wa zamu, anayehofia nyoka. Klabu imeiandika daftarini kuwa ni miti ya kulinganishia.