Si nyoka, si mbao: miti ya magamba na vinamasi vyake

"Hii ni ngozi ya nyoka aliyegeuka jiwe." Ukiona kisukuku cha lepidodendroni, mti wa magamba wa kale, kwa mara ya kwanza, ni rahisi kuamini: jiwe zima limejaa alama za umbo la almasi, zimepangika kama magamba. Kumbe kila alama ni kovu la jani lililodondoka kwenye gome. Mti wenyewe uliweza kufika mita 30 na zaidi.

"Basi ni mbao zilizogeuka jiwe." Hapa wengi huteleza, nami niliteleza. Katika Victoria Park, Glasgow, Uskoti, mwaka 1887, wakati bustani ikitengenezwa, vilifukuliwa visiki 11 vikiwa vimesimama palepale vilipoota miaka takriban milioni 325 iliyopita. Ndani yake hamna mbao. Mti huu ulikuwa na mbao kidogo tu katikati. Kilichousimamisha ni gome nene. Kinamasi kilipofukiwa na mchanga na tope, moyo wa mti ulioza, gome likabaki kama ganda, mchanga ukaingia ndani na kuganda. Unachokiona ni mchanga ulioshika umbo la mti, kama keki inavyotoka na umbo la sufuria. Huko Joggins, Kanada, ndani ya visiki vya namna hiyo vilivyobaki na uwazi kulikutwa hata mifupa ya Hylonomus, mmoja wa reptilia wa kale kabisa wanaojulikana.

"Dinosaria walikula majani yake." Hata kidogo. Walitokea zaidi ya miaka milioni 80 baada ya visiki vya Glasgow.

"Makaa yote ya mawe yametokana na miti hii." Ya Uingereza na ya mashariki mwa Marekani, kwa sehemu kubwa, ndiyo: enzi hizo nchi hizo zilikuwa karibu na ikweta, vinamasi vya joto vitupu. Ila makaa ya kwetu Tanzania, ya Mchuchuma na Kiwira, ni ya baadaye, ya kipindi cha Permi, na mmea wake mkuu ni Glossopteris, mti wa mbegu uliostawi kwenye baridi ya kusini mwa dunia.

"Ni kuvumwani lililorefuka." Lepidodendroni ni wa kundi la likopodi, na likopodi si kuvumwani: lina mishipa ya kupitisha maji, ingawa huzaa kwa spora (chembe ndogo za uzazi, si mbegu) kama kangaga. Ndugu wa karibu zaidi wa lepidodendroni aliye hai ni isoete, mmea wa majimaji wenye majani kama ya kitunguu. Isoete nyingi hazifiki hata gotini, lakini mizizi yake ingali imejipanga kwa mtindo uleule wa lile jitu.