Tairi la theluji si tairi la mvua: dhana tunazobeba barabarani Mtwara na Lindi

Korosho zikianza kushuka kutoka Newala na Tandahimba, na mawingu yakianza kujikusanya juu ya bahari, mabanda ya matairi mjini Mtwara hujaa watu. Kila mtu anataka "tairi la mvua". Nami nilikuwa mmoja wao mwaka nilipoanza kuendesha Noah ya abiria kwenda Masasi.

Muuzaji alichukua tairi la mtumba, akalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, alama ikabaki. "Ona kaka, laini hivi, litaacha kushika?" Nikalipia manne. Mvua kubwa ya kwanza, nikiikaribia Mikindani, mbuzi wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki, gari likaendelea kwenda mbele kama vile sijakanyaga kitu. Tuliishia kwenye mtaro, mama mmoja kiti cha nyuma akiwa amemkumbatia mjukuu wake kwa mikono miwili. Hakuna aliyeumia. Jioni nilichuchumaa na tochi, nikafuta tope ubavuni mwa tairi, nikasoma herufi kubwa: STUDLESS.

Dhana: Tairi la theluji ni laini, kwa hiyo linashika zaidi kwenye maji

Hii ndiyo iliyonipeleka mtaroni, na ndiyo inayonikera kuliko zote kwa sababu inauzwa kama ushauri mzuri.

Neno STUDLESS, yaani "bila misumari", huandikwa kwenye matairi ya majira ya baridi ya Japani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya barafu na theluji ya mikoa kama Hokkaido. Raba ya tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ikapoteza mshiko. Ndiyo maana Wajapani huvaa matairi ya raba maalumu inayobaki laini hata kwenye baridi kali, yenye mikato mingi myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe. Mikato hiyo huing'ata theluji na kuondoa utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu.

Sasa lilete tairi hilo Mtwara, ambako mchana wa Januari joto hufika nyuzi 30 na lami inaunguza nyayo. Raba iliyokusudiwa kuwa laini kwenye baridi hapa inalegea kupita kiasi. Ukikanyaga breki, meno yake yanainama na kuyumba badala ya kusimama imara. Gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, hasa lami ikiwa imelowa, na tairi lenyewe linaisha haraka. Isitoshe, mifereji yake haikuchorwa kwa kazi ya kumwaga maji mengi ya mvua yetu.

Jambo jingine ambalo muuzaji hakuambii: matairi haya ya Japani yana alama ndani ya mifereji inayojitokeza yakiisha kwa nusu. Yakifika hapo hayafai tena kwa theluji, na mwenyewe huyatoa. Kwa hiyo la mtumba unalosifiwa kwa ulaini huenda lilishastaafu kazi yake huko kwao kabla ya kupanda meli.

Dhana: M+S maana yake tairi la mvua

Nimemsikia mtu mzima, dereva wa siku nyingi, akieleza kwamba ile M ni ya mvua. M+S, inayoandikwa ubavuni mwa tairi, ni kifupi cha Kiingereza cha tope na theluji (mud and snow). Kinaeleza mchoro wa meno tu, na mtengenezaji hujiwekea mwenyewe bila kulazimika kulipima tairi popote. Alama iliyopimwa kwenye theluji ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu M+S peke yake haikubaliki tena; lazima tairi liwe na ule mlima.

Alama hizo mbili hazikuambii lolote kuhusu mvua ya Lindi. Kinachokuambia, kama kipo, ni neno TRACTION ubavuni, likifuatwa na AA, A, B au C. Hicho ni kipimo cha Marekani cha kushika breki kwenye lami na zege vilivyolowa, ukienda moja kwa moja. AA ndiyo ya juu kabisa. Hakipimi kona wala maji yaliyotuama, lakini kwa mnunuzi aliyesimama bandani ni bora mara mia kuliko ukucha. Matairi ya theluji yenyewe hayalazimiki kuwa na kipimo hicho.

Dhana: Tairi la misimu yote ni bora kuliko yote

Misimu inayosemwa hapo si masika na kiangazi chetu. Ni tairi la watu ambao baridi yao si kali sana, wasiotaka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Limechukua kidogo huku na kidogo kule: kwenye theluji halilifikii tairi la theluji, na kwenye joto mara nyingi halilifikii tairi zuri la joto. Si hatari hapa kwetu, nami sasa ninalo, lenye TRACTION A. Ila usiongeze hela kwa sababu ya chembe ya theluji. Theluji ya Tanzania iko juu Kilimanjaro, na huko hakuna atakayekupeleka na Noah.

Dhana: Mvua ikinyesha, punguza upepo ili tairi litanuke na kushika

Hapa naelewa watu wanakoitoa. Kwenye mchanga wa vijijini huko Tandahimba, kupunguza upepo kunasaidia kweli. Tairi linatanuka, halizami. Kosa ni kupanda lami na upepo uleule.

Kwenye maji tairi linatakiwa kuyasukuma pembeni na kupitia mifereji yake, ligusane na lami. Likizidiwa, maji yanaingia chini kama kabari, gari linaelea, na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ukiusikia wepesi huo ujue huendeshi tena. Majaribio ya NASA ya matairi ya ndege yalizaa kanuni inayotumika hadi leo: kadiri upepo unavyopungua, ndivyo kuelea kunavyoanza kwenye mwendo mdogo zaidi. Kwa upepo wa psi 32 (namba inayosomwa kwenye geji ya upepo), tairi lililozidiwa na maji huanza kuelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Kwa upepo wa psi 20, inashuka hadi 74 hivi. Ni makadirio, lakini huo ni mwendo wa kawaida kabisa kwa wengi wetu tukitoka Mingoyo.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kiasi cha kujaza. Na mwambie fundi wa pancha akupimie kabla hujasafiri, tairi likiwa bado baridi.

Dhana: Tairi pana, au lenye kashata kubwa, halitelezi

Kashata, yale meno makubwa ya tairi, ni za tope. Kwenye lami iliyolowa, meno makubwa yaliyoachana hugusa lami kwa eneo dogo. Na tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma, kwa hiyo huelea mapema kuliko jembamba.

Dhana: Mapya mawili yafungwe mbele

Karibu kila gereji watakufungia mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Waambie wafunge nyuma. Mbele ikiteleza, gari linakwenda moja kwa moja. Ukilegeza mafuta mara nyingi linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye kona, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Mjomba wangu, fundi wa miaka mingi, alinibishia sana kuhusu hili, kisha akafunga nyuma.

Dhana: Lina meno, kwa hiyo ni zima

Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hukausha raba hata gari likiwa limeegeshwa, na watengenezaji wengi husema tairi la miaka 10 litolewe hata kama meno yamebaki.

Meno nayo yana kipimo. Tairi jipya la gari dogo huanza na milimita 8 hivi. Uingereza na nchi za Ulaya zinaruhusu hadi 1.6, lakini uwezo wa kumwaga maji unashuka mapema kabla ya hapo. Mimi likifika 3 nalitoa. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji, weka ukucha pale meno yanapoishia, kisha ipime kwa rula ya mtoto wa shule.

Dhana: Ukiwa na tairi zuri na gari kubwa, unavuka

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, kulikuwa na kila aina ya gari kwenye foleni. Maji yanayotembea, yenye kina cha sentimita 30 hivi, yanaweza kulibeba gari dogo. Sentimita 60 hubeba mengi, hata pikapu. Kuendesha magurudumu yote manne kunasaidia kuondoka. Hakusaidii kusimama.

Yale manne ya Mikindani sikumuuzia mtu. Niliyachana ubavuni kwa kisu ili asije mwingine akayaokota. Leo asubuhi, kabla ya abiria kupanda, nimesimamisha njiti yangu: mbele milimita 5, nyuma 6.