Margaret Brown wa Titanic: yanayosemwa na yaliyokuwa

Alipokuwa hai, hakuna aliyemfahamu kwa jina la "Molly Brown". Margaret Tobin Brown, abiria aliyenusurika meli ya Titanic ilipozama, mzaliwa wa Hannibal, Missouri, mwaka 1867, aliitwa Maggie na watu wake. Molly ni jina lililovuma kutokana na tamthilia ya muziki ya Broadway ya mwaka 1960 na filamu ya 1964, ilhali Margaret mwenyewe alifariki 1932. Jina hilo lilikuja na sura ya kubuni: mke wa tajiri, mshamba, mpiga kelele, asiye na kisomo. Sura hiyo imemdhulumu sana.

Kuna kisa kwamba pesa za mumewe ziliteketea ndani ya jiko. Ni hadithi tu. Mumewe, J.J. Brown, alikuwa msimamizi wa migodi huko Leadville, Colorado. Mwaka 1893 dhahabu ilipopatikana katika mgodi wa Little Jonny, kampuni ilimzawadia hisa kwa utaalamu wake.

Dhana kubwa zaidi inahusu usiku wa Titanic, Aprili 1912. Wengi huamini kwamba Margaret aliigeuza boti ikarudi kuokoa watu. Boti namba 6 haikurudi. Margaret alipiga makasia pamoja na wanawake wenzake, akashikilia kwamba warudi, lakini Robert Hichens, baharia aliyeshika usukani, alikataa. Inauma kukumbuka kwamba boti hiyo ya watu 65 haikujaa hata nusu.

Kwangu, kazi yake kubwa ilianza baada ya kuokolewa na meli ya Carpathia. Alijua Kifaransa na Kijerumani, hivyo aliweza kuzungumza na manusura wahamiaji wasiojua Kiingereza, wengine wajane wasiobaki na chochote. Akawaendea abiria wa daraja la kwanza kuomba michango, na kabla ya kufika New York zilikuwa zimeahidiwa karibu dola 10,000.

Wala hakuwa mtu wa tukio moja. Huko Denver alishirikiana na Jaji Ben Lindsey kutetea mahakama ya watoto. Mwaka 1914, wachimba makaa ya mawe waliogoma waliposhambuliwa Ludlow, Colorado, na wanawake na watoto wakafa kambini, alizihangaikia familia zao misaada. Mwaka huohuo alitangaza nia ya kugombea useneti, miaka 6 kabla ya katiba ya Marekani kuwahakikishia wanawake haki ya kupiga kura nchini kote.