Sikio la nje: tunaharakisha pa kungoja, tunangoja pa kuharakisha

Mtoto amezaliwa salama, amefutwa, amewekwa kifuani kwa mama. Mama anamgeuza kichwa, anaona upande wa kulia hapana sikio, pana kinundu tu cha nyama. Kabla hajauliza kitu, mtu wodini ameshatoa hukumu: "Ulimcheka mlemavu ukiwa na mimba."

Naanza na dhana hii kwa sababu inamtwisha lawama mtu asiye na kosa. Hali hiyo madaktari wanaiita maikrotia. Sikio la nje huanza kuumbika karibu na wiki ya sita ya mimba, kutokana na vijivimbe sita vinavyojitokeza pembeni mwa shingo ya kijusi na kuungana taratibu. Muungano huo ukivurugika, sikio linabaki dogo au halijengeki kabisa. Mara nyingi sababu haionekani. Mara nyingine ni vinasaba, na zipo dawa zinazojulikana kuharibu uumbaji huu, mfano isotretinoini ya chunusi sugu ikimezwa wakati wa ujauzito. Kicheko hakimo, wala kijicho cha jirani.

Dhana inayofuata ina madhara makubwa zaidi: "Hana sikio, basi ni kiziwi, tutaona akikua." Hapana! Mwenye maikrotia ya upande mmoja kwa kawaida husikia vizuri kwa sikio la pili. Hata upande ulioathirika, ambako mara nyingi tundu nalo limeziba, sikio la ndani huwa zima. Sauti inakosa njia tu ya kulifikia. Ndiyo maana kuna vifaa vinavyotikisa mfupa wa fuvu na kupitisha sauti humo; mtoto mchanga huvishwa kwa mkanda wa kichwani, bila kukatwa popote. Akiwa ameathirika masikio yote mawili, kila mwezi unaopita bila kusikia unamnyima lugha, kwa sababu maneno anayajenga katika miaka hiyo ya mwanzo. Hapo ndipo pa kukimbia. Kipimo cha usikivu kifanyike mapema, hata kama hakuna anayefikiria upasuaji bado.

Na upasuaji wenyewe? Familia nyingi hutaka ufanyike mara moja, "angali mdogo, kidonda kipone haraka." Hapa sasa ndipo pa kungoja. Njia iliyozoeleka zaidi hutumia gegedu, yaani ile nyama ngumu inayopindika, laini kuliko mfupa, kutoka mbavu za mtoto mwenyewe. Mmarekani Radford Tanzer aliieleza mwaka 1959, na wengine wakaiboresha, akiwemo Mjapani Satoru Nagata aliyepunguza hatua hadi mbili. Daktari huchonga gegedu hilo, akaliunga vipande kwa vipande hadi lipate mikunjo ya sikio, kisha akaliingiza chini ya ngozi. Miezi kadhaa baadaye huliinua lisimame mbali na kichwa. Mbavu za mtoto wa miaka mitatu hazina gegedu la kutosha kazi hiyo. Wapo madaktari wanaoanza kwenye miaka sita hivi. Nagata alitaka mtoto afikishe miaka 10 na kifua chenye mzunguko wa sentimita 60. Kujaribu mapema ni kuchoma akiba, kwa kuwa ngozi ikishapata makovu, mpasuaji anayefuata anakuta kazi ngumu mara mbili. Umbo la plastiki maalumu huweza kuwekwa kwa mtoto mdogo zaidi, lakini ni kitu kigeni mwilini: linaweza kuchomoza nje ya ngozi au kupata maambukizi.

Lieleweke pia kwamba sikio hilo jipya ni la kuonekana na la kushikia miwani. Kujengewa sikio la nje hakurudishi usikivu. Hiyo ni kazi nyingine.

Wengine wanangoja "sikio la kuchapishwa na mashine." Kweli, mwaka 2022 nchini Marekani mwanamke mmoja aliwekewa sikio lililochapishwa kwa seli zake mwenyewe, lakini lilikuwa jaribio la kitafiti, si huduma ya kuagiza. Na ile picha ya panya mwenye sikio mgongoni, iliyosambaa tangu 1997? Halikuwa sikio la binadamu. Ni seli za gegedu la ng'ombe zilizokuzwa juu ya umbo lenye sura ya sikio.

Masikio yaliyokunjamana ya mtoto mchanga yana hesabu tofauti. Watu husema yatajinyoosha yenyewe, na baadhi hujinyoosha. Yasiponyooka, wiki za kwanza ni dhahabu: gegedu bado laini kwa homoni za mama, na linaweza kushikiliwa na umbo maalumu hadi likae sawa, bila kisu. Likishakomaa, nafasi hiyo imepita.

Ndewe, ile sehemu laini ya chini ya sikio inayotogwa, haina gegedu hata ikichanika kwa hereni nzito. Ni ngozi na mafuta. Kuishona huhitaji ganzi ya pale pale tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kinachosumbua ni kiloidi, lile kovu linaloota kama uyoga baada ya kutoga, na sisi wenye ngozi nyeusi linatupata zaidi. "Likate liishe" ni ushauri mbaya. Likikatwa peke yake hurudi mara nyingi, pengine kubwa kuliko la awali. Kukata huambatanishwa na sindano za steroidi, hereni za kubana, au mionzi.

Kwa mabondia: sikio likivimba kwa damu baada ya ngumi, usisubiri likauke. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolifunika. Damu ikiutenga utando huo, gegedu hufa na sikio hubaki na mafundo. Damu itolewe ndani ya siku chache, kisha sikio libanwe.

Kipande kikikatika kwa kung'atwa au ajali, msikitupe, wala msikilaze moja kwa moja juu ya barafu. Kioshwe taratibu kwa maji safi, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingie mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kikubwa hakishiki kila mara kikishonwa tu, lakini gegedu lake linaweza kuhifadhiwa chini ya ngozi nyuma ya sikio kwa ajili ya ujenzi wa baadaye. Jino la binadamu lina vijidudu vikali, kwa hiyo majeruhi atahitaji antibiotiki, na chanjo ya pepopunda kama ya mwisho ni ya zamani.